Mkupuo wa Meza ya Kumi na Nne

Blackpool,
6 Oktoba 1992

Kaka Gwilym,

Natumaini nyote hamjambo, wewe na wifi Delyth, na Mama na mguu wake. Mimi mzima, ila mwenye nyumba anatulisha samaki wa moshi kila asubuhi, na sasa hata kizibao changu cha mechi kinanuka samaki. Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Mwambie Mama glavu alizonifumia zimetoboka kidole kimoja tu.

Sasa kaa chini. Umekaa?

Jumapili mchana, kwenye meza ya snuka, nimepiga pointi mia na arobaini na saba. Mkupuo mmoja, Kaka, bila kukosa tundu hata mara moja. Mipira myekundu yote kumi na mitano, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, halafu rangi zote mpaka meza ikawa tupu. Zaidi ya hapo hakuna, unajua mwenyewe. Mweusi wa mwisho ulicheza mdomoni mwa tundu kama mtu anayetafuta funguo, kisha ukaingia.  Mechi nikashinda tano kwa mbili.

Walioona ni mwamuzi, kijana wa Leeds niliyecheza naye, na mzee mmoja mwenye chupa ya chai aliyeingia kukwepa mvua. Ni raundi za mchujo hizi. Meza ishirini na mbili zimepangwa kwenye ukumbi wa dansi, zimetengwa kwa mbao nyembamba kama vibanda vya kupigia kura. Mimi nilikuwa ya kumi na nne. Mzee alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha.

Mwandishi aliyekuwapo siku ile ni mmoja tu, Bwana Haskett. Wakati napiga, yeye alikuwa meza ya kwanza, ambako nyota mmoja alikataa kucheza kwa sababu kiti chake kinalia. Jana habari ya kiti imetoka kwenye magazeti matatu, na moja limeweka na picha. Mimi nimetoka hivi: Probert 5-2. Basi. Nilimfuata akiwa anakunywa chai. Akaniambia, "Binti, sikuona, siandiki. Ila nitawapigia simu gazeti la kwenu bondeni, wao watafurahi."

Ndiyo maana nakuandikia. Gazeti la Bonde likitoka Ijumaa, likate, ulitunze. Tarehe 13 Machi klabu ya kwetu inapiga kura kama wanawake wataruhusiwa kucheza kwenye chumba cha snuka, na wewe uko kwenye kamati. Shaba ile ya kizingitini, mpaka wa wanawake, nimeivuka maisha yangu yote nikiwa nimebeba sinia la chai tu. Kodi ya chumba changu huku inaisha mwisho wa Machi, na ukumbi ule wa Newport niliokuwa nafanyia mazoezi umegeuzwa duka la mazulia. Bila meza za klabu sina pa kupigia, Kaka. Mchezaji asiye na meza baada ya miezi miwili si mchezaji tena. Wasomee habari hiyo. Hilo tu.

Mdogo wako,
Eirlys


Cwmderwen,
29 Oktoba 1992

Mdogo wangu Eirlys,

Barua yako ilifika, samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mambo. Sisi hatujambo. Mama mguu ule ule, lakini Jumamosi anaenda klabu kukata sandwichi kama kawaida, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeona mtu mwingine anayejua kukata tango. Liki zangu bustanini zimekuwa nene mwaka huu. Kwenye mashindano Emlyn wa klabuni amenizidi kwa nusu inchi na anatembea kama meya.

Mafunzo ya udereva wa lori kule Swansea yalikwisha. Nilikaa wiki nzima, nikapewa cheti. Kazi bado. Tangu mgodi ufungwe kila mtu bondeni ana cheti cha kitu fulani.

Hongera kwa mchezo wako. Ni jambo kubwa, kwa kweli.

Kuhusu gazeti, wiki ile walijaza raga kurasa zote, unawajua. Na nakala yetu ilinyeshewa mlangoni. Nikipata nyingine nitaangalia.

Delyth anakusalimu. Vaa vizuri, baridi imeanza.

Gwilym


Blackpool,
8 Novemba 1992

Kaka Gwilym,

Salamu kwenu. Pole kwa liki, nusu inchi si kitu, mwakani utamzika Emlyn. Mimi nimeshinda mechi nyingine mbili, kisha nikafungwa moja vibaya. Mchana nafanya kazi jikoni hotelini, naosha sufuria ambazo naweza kulala ndani yake.

Umesema "mchezo wako", Kaka. Ni wewe uliyenifundisha kushika fimbo kwa siri, kwa mpini wa fagio, kwenye meza ya Mama ya kulia, halafu leo unaniandikia kama mtu wa benki. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ulipofurahi.

Silali vizuri. Usiku naanza kuhesabu mipira upya, labda nilikosea, labda ilikuwa mia na arobaini. Mwamuzi aliniandikia karatasi, naitoa chini ya mto naiangalia, narudisha. Wenye mapenzi wanaangalia picha, mimi naangalia saini ya mwamuzi.

Kwa hiyo nimemwandikia mhariri wa Gazeti la Bonde mwenyewe. Kwa adabu. Nimemwuliza kama alipata simu ya Bwana Haskett.

Nijibu mapema.

Eirlys


Blackpool,
25 Novemba 1992

Kaka,

Hamjambo? Mama je?

Mhariri amejibu. Mistari miwili: "Habari hiyo tulishaitoa tarehe 9 Oktoba, ukurasa wa mwisho, pamoja na picha. Asante kwa kutusoma."

Pamoja na picha! Nimeruka jikoni mpaka mpishi akaniuliza kama nimeungua. Ila nikikaa najiuliza, picha ipi? Mimi sijawahi kupigwa picha na gazeti maishani. Labda ile ya harusi yako? Nilivaa kofia mbaya siku ile.

Na wewe ulisema ni raga tu. Najua nakala ililowa. Lakini ni ukurasa wa mwisho, Kaka, na bonde zima linasoma kuanzia nyuma. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuambia? Idris Maddock, katibu wenu, anayejua hata nani kanunua soksi mpya, hakusema kitu?

Nilipiga simu mara mbili. Mara zote Delyth alisema umetoka, na mara ya pili nilisikia kikohozi chako.

Nitumie ukurasa huo. Kama wameandika jambo baya juu yangu, nitumie vilevile. Kutojua ndiko kunanimaliza.

E.


Cwmderwen,
18 Desemba 1992

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi. Hapa tumewasha moto tangu asubuhi na Mama anaamrisha watu akiwa kitini. Kwaya ya kanisani imekosa sauti nzito mwaka huu, wamenilazimisha. Delyth amepika keki mbili, moja imekaa, moja imeanguka, tutakula iliyoanguka kwanza.

Tunasikitika hutakuwepo. Mama amekufumia soksi, amezifunga mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Nimezipeleka posta jana.

Yale mengine tutazungumza ukija.

Kaka yako,
Gwilym


Blackpool,
3 Januari 1993

Gwilym,

Mwambie Mama soksi zimefika na zinanitosha.

Alizifunga kwa gazeti. Tarehe 9 Oktoba, ukurasa wa mwisho. Alilikunja vizuri sana ili picha ibaki katikati.

Umependeza. Ni ile ya mwaka sabini na tisa uliposhinda ubingwa wa bonde, umevaa tai ya kipepeo ya Baba. "Probert wetu apiga 147 Blackpool." Wanasema klabu imekulea. Wanasema ulianza ukiwa na miaka tisa kwenye meza ya pembeni. Jina langu halimo. Nimelitafuta mpaka kwenye tangazo la mbolea.

Naweza kuelewa gazeti. Haskett kawaambia Probert, wao wakafungua droo, wakakuta Probert mmoja tu, mwanamume mwenye tai. Hilo ni kosa la watu wenye haraka. Lako nalitafutia jina na silipati. Leo ni miezi mitatu kasoro siku sita. Kila Ijumaa katika hizo ungeweza kwenda pale gazetini ukasema, "Huyu si mimi." Ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwako.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sikujua kuwa ni ndugu yangu ndiye angelichukua.

Nieleze. Usinipe habari za liki.

Eirlys


Cwmderwen,
24 Januari 1993

Eirlys,

Mama mzima. Nimeandika barua hii mara tano, hii ya sita naipeleka hata ikiwa mbaya.

Ijumaa ile nilirudi kutoka Swansea jioni, sijaona gazeti. Nikaingia klabu na mkoba wangu mkononi. Wakasimama, Eirlys. Wote. Nilidhani kuna mtu amekufa nyuma yangu. Emlyn akanikumbatia, Emlyn! Tangu Jumamosi iliyotangulia nilikuwa sipo, wakaona wazi kwamba nilikuwa Blackpool. Wewe wanakujua kama binti wa Mama wa chai aliyeenda kuosha vyombo hotelini. Wakanionyesha gazeti, nikajua papo hapo ni wewe. Nikafungua mdomo niseme hivyo, Idris akanipa glasi. Nikanywa kwanza. Nikasema nitawaambia nikimaliza.

Sikuwaambia. Sijui kama unaweza kuelewa. Tangu mgodi ufungwe nimekuwa nikiingia pale hakuna anayegeuza shingo. Nilikuwa kiongozi wa zamu ya watu arobaini, nikawa mtu wa kuuliza bei ya viazi. Usiku ule walikuwa wananiita kwa jina langu tena. Niliona nitawaambia kesho. Kesho yake nikaona haya ya jana, kesho kutwa haya ya siku mbili, hivyo hivyo mpaka ikawa mlima.

Kuna baya zaidi, bora ulisikie kwangu. Kwenye bodi ya heshima, ukutani mwa chumba cha snuka, wameandika GWILYM PROBERT, 147, 4 OKTOBA 1992. Kwa dhahabu. Kila mtu ananitaka nicheze naye na mimi nasingizia bega. Na Idris anapita nyumba kwa nyumba kuhusu kura yako. Anasema, "Tazameni chumba cha wanaume kimemtoa nani. Mnataka tukivuruge?" Anatumia mkupuo wako kukufungia mlango. Mimi nakaa hapo naitikia kwa kichwa.

Delyth amejua tangu siku ya kwanza, na haniwekei tena sukari kwenye chai. Mama hakusema neno. Nilidhani hajui mpaka uliponiandikia kuhusu soksi.

Nisamehe.

Gwilym


Blackpool,
2 Februari 1993

Gwilym,

Salamu kwa Mama na Delyth. Mwambie Delyth chumvi nayo ipo.

Sikusamehe leo. Sitaki nikudanganye, tumedanganyana vya kutosha. Nimekasirika mpaka Jumatano nilipoteza mechi niliyokuwa naongoza. Mechi imebaki moja. Baada ya hapo ni mwisho wa Machi na mkoba wangu.

Unakumbuka nilivyojifunza kona? Si kwa fagio. Fagio lilinifundisha kushika tu. Nilijifunza kwa sinia. Mama alinituma na chai, na mimi nilitembea polepole makusudi, meza hadi meza, vikombe ishirini na nne, nikiangalia mpira unagonga ukingo wapi na unatokea wapi. Wanaume walisema, "Huyu mtoto mzito, kama kobe." Nilikuwa nasoma. Hicho ndicho chumba kilichonilea, gazeti halikukosea. Lilikosea tu nani.

Pole yako sina pa kuiweka. Nataka dakika mbili tarehe 13, usimame, useme ni nani aliyepiga. Mimi siwezi kusimama pale, mkutano ni wa wanachama na mwanamke si mwanachama. Ningeandika barua kwa Idris angeiwashia kiko. Ni mdomo wako ulionifunga, hakuna mwingine wa kunifungulia. Nakutumia karatasi ya mwamuzi. Ni hiyo moja tu, sina nakala. Ikipotea, mkupuo haupo.

Ninaogopa kuitia kwenye bahasha. Naitia.

Eirlys


Blackpool,
1 Machi 1993

Gwilym,

Umeipata karatasi? Mwezi mzima kimya. Niambie hilo tu, umeipata?

E.


Cwmderwen,
14 Machi 1993

Mdogo wangu Eirlys,

Karatasi ninayo. Ilikaa mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani tangu siku ilipofika. Sikuandika kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa ahadi, na ahadi zangu umeshaziona.

Jana tulikuwa sabini na tisa ukumbini. Mama alikuwa anagawa chai. Idris akasoma hoja, akasema kabla ya kura anamwomba bingwa wetu aseme neno. Wakapiga makofi. Nikasimama. 

Nikasema, "Mimi sikuwa Blackpool. Nilikuwa Swansea najifunza kurudisha lori nyuma. Aliyepiga mia na arobaini na saba ni dada yangu Eirlys, na saini ya mwamuzi hii hapa. Nimewadanganya miezi mitano. Nimekunywa bia zake zote."

 Nilisikia birika la Mama linalia.

Emlyn ndiye aliyeanza. "Mimi nilijua," akasema. "Gwilym hajawahi kufikisha sabini bila kutukana." Wengine wakacheka, wengine wakanizomea. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Rudisha bia, mwongo!" Mwingine akasema, "Huyu binti ndiye yule kobe wa chai?" Karatasi ikazunguka mkono kwa mkono, nikawa naifuata kwa macho kama mama aliyemwazimisha mtu kichanga.

Idris aliisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani. Akasema, "Sawa, kapiga. Kapiga huko. Hapa sheria ni sheria."

Wakapiga kura. Thelathini na nane walikutaka. Arobaini na mmoja hawakukutaka. Nimeandika upesi ili nisizunguke.

Halafu nikavuka shaba, nikapanda kiti, nikaparua jina langu kwenye bodi kwa kisu cha liki. Nikamwambia Idris aandike lako. Akasema jina la mwanamke halipandi ukuta ule akiwa hai. Kwa hiyo sasa pamebaki pengo, halafu 147, halafu tarehe. Leo mchana wamesimama pale kundi zima, na kila anayeingia anauliza ni nani, na kila mara kuna mtu anamjibu. Mimi wananisalimia wachache. Ni haki yao.

Bado kuna la Mama. Kura ilipokwisha alivua aproni, akaikunja, akamwekea Idris juu ya makaratasi yake. "Miaka thelathini na moja," akasema. "Mguu umechoka. Tafuteni mwingine wa chai." Idris akahamaki, maana tarehe 27 kuna mechi na watu wa bonde la pili. Akasema, "Mama Probert, tutampata wapi? Leta yeyote unayemwamini, kazi ni yake leo leo." Mama akamwambia aandike hilo kwenye kitabu cha mkutano, na Idris akaandika, akasaini. Mama alikuwa anatabasamu akitoka. Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani.

Nimeshindwa kukupatia mlango. Naomba radhi, safari hii kwa lile nililoshindwa, si kwa lile nililoficha.

Kaka yako,
Gwilym


Blackpool,
18 Machi 1993

Kaka yangu Gwilym,

Natumaini mko salama, na mguu wa Mama, ambao naona una akili kuliko kamati nzima.

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikalia kwenye sufuria. Halafu nikaenda kucheza ile mechi ya mwisho, nikashinda tano kwa nne. Haskett hakuwepo. Kuna nyota ameoa.

Sijamaliza kukukasirikia. Lakini nimekuona juu ya kiti na kisu cha liki, na picha hiyo naitaka kuliko ile ya gazeti.

Mwambie Bwana Maddock kazi ya chai imepata mtu. Nitashuka kwa treni tarehe 26. Jumamosi mchana nitavuka shaba na sinia, vikombe ishirini na nne, sandwichi za matango, na begi jembamba refu kwapani. Nitawagawia wote, pamoja naye, na sukari nitaweka. Nikimaliza nitaweka sinia chini.

Nimeisoma sheria yao, Kaka, inaning'inia pale mlangoni tangu nikiwa mtoto. Inasema mwanamke aingie na chai tu. Haisemi atoke saa ngapi.

Niwekee meza ya pembeni, na unipangie mipira.

Eirlys